Bi Glasi na Ukuta wa Udongo

Siku ya kwanza kumwona, alinigombeza kabla sijaweka karai chini.

Nilikuwa nimepita uchochoro wa ubavuni mwa nyumba, mwiko na timazi ndani ya karai, pima maji kwapani, nikatokea uani. Mwanamke mrefu, mkavu, alikuwa amesimama karibu kabisa na ukuta wa nyuma, kama mtu anayesikiliza maneno ya chumba cha pili. Mkononi alishika glasi ya maji, mdomo wa glasi ameubana ukutani. Ndani yake mdudu alikuwa akigonga huku na huku.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Ondoa kivuli chako."

Nikatazama chini kama mtu aliyeambiwa amekanyaga kitu.

"Kivuli, kivuli! Nataka jua nimwone tumbo, na wewe umenisimamia kama mlango."

Nikasogea. Akainamisha uso mpaka pua ikakaribia kugusa glasi, akatazama kwa muda, akanong'ona neno, kisha akaiondoa glasi. Nyuki akatoka na mlio mwembamba, mkali, akapotea juu ya paa. Ndipo mama yule akanigeukia, akatazama mwiko wangu.

"Huo ni wa nini?"

"Nimeletwa kupiga lipu."

"Wapi?"

"Hapo."

"Hapo wapi?"

"Hapo uliposimama, mama."

"Basi umeletwa kunipiga lipu mimi," akasema. Akaingia chumbani, akatoka na kigoda, akakaa mgongo ukutani, glasi mapajani, macho kwangu. Siku hiyo mchanga wangu ulilala bila kuguswa.

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba yao. Mbele alikaa mdogo wake wa kiume, mwuza misumari na mabati, pamoja na mkewe. Sebule yao ilikuwa na makochi ambayo bado yamevaa nailoni ya dukani, na mgeni akiinuka yanatoa sauti ya kumwaibisha. Nyuma, kwenye chumba kimoja chenye mlango wa uani, alikaa dada mtu. Watoto wa nyumba hiyo, kabla hawajaoa na kuolewa, walimwita Shangazi, na jina likawabakia hata watu wazima. Mtaani aliitwa Bi Glasi, ila si mbele yake.

Zamani alikuwa fundi cherehani. Chuo cha kilimo kilichoko nje ya mji kilimpa kazi ya kushona nyavu za kukamatia wadudu, na wavu wa kwanza akaukosea. Aliushona kina kifupi, nyuki wakawa wanaingia na kutoka kama watu sokoni. Mtaalamu wa chuo, mama mmoja mwenye ulimi kama wembe, akamwambia aende naye porini aone wavu unavyofanya kazi. Akaenda, na cherehani ikaanza kushika vumbi. Alitembea nyuma ya mama yule miaka mingi, akibeba nyavu na vichupa, mpaka mama yule akastaafu na kazi ikafungwa. Akarudi nyumbani kwao na wavu mmoja, ulimi ule ule wa bosi wake, na tabia ya kutoamini kitu chochote ambacho hajakitazama tumbo.

Ukuta aliokuwa akiulinda ndio uliobaki wa nyumba ya kwanza. Matofali yake baba yao aliyafyatua mwenyewe, mabichi, hayakuonja moto. Kuta nyingine tatu mwuza mabati alishazibomoa na kuweka za saruji. Huu wa nyuma ulikuwa na vitundu tele, vya duara, vingine unaweza kupitisha penseli, na uso wake wote ulikuwa kama wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Humo ndimo walimoishi nyuki wake. Hawakuwa na mzinga wala malkia wala asali ya kulamba. Kila jike alikuwa na tundu lake, alilichimba mwenyewe, akapanda na kushuka kwenye shughuli zake bila kumwuliza jirani hali. Niliona wanafanana na wenyeji wa nyumba.

Na lipu ilikuwa na sababu. Asubuhi moja mke wa mwuza mabati alikuwa amekaa uani na kikombe cha chai yenye sukari nyingi, akainua, akanywa, akapiga yowe. Alikuwa ameumwa mdomoni. Mdomo ukavimba mpaka ukawa unamtangulia mlangoni. Tangu hapo akaapa kwamba yeye na wale nyuki hawatalala kiwanja kimoja, na mumewe akaja kunitafuta.

Siku ya pili nilimkuta Shangazi palepale, kama hakuingia ndani kabisa. Mdogo wake akatoka na kandambili.

"Fundi," akaniambia kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, "mwambie dada yangu ainuke, watu wana kazi."

Nikamtazama Shangazi. Alikuwa hatua chache tu kutoka kwetu.

"Fundi," naye akasema, "mwambie huyo mtoto nilimbeba mgongoni akanikojolea shati zima. Haniinui leo."

"Mwambie hii ni nyumba yangu."

"Mwambie ni ya baba yake. Yeye ameongeza mabati tu, na yenyewe yanavuja."

Mimi si mtu wa maneno mengi, na siku ile sikuhitajika kuwa nayo. Nilisimama katikati kama dirisha la posta, kila mmoja akipitisha barua yake. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Jembe langu lilikuwa mwiko, na shamba lenyewe ndilo walilokuwa wakigombania.

Wakakubaliana kwa jambo moja tu: aitwe bwana afya wa manispaa, aje atazame, aseme. Mpaka aje, nisiguse ukuta. Mwuza mabati akanipa kazi ya kuziba nyufa za choo na kutengeneza ngazi za mlango wa mbele, ili nisiondoke. Ndiyo maana nikakaa pale muda wote ule na kuyaona niliyoyaona.

Wifi mtu hakungoja bwana afya. Chini ya dirisha la Shangazi kulikuwa na majani makavu, marefu, ambayo alikataza yasikatwe. Jua likielekea kuzama, nyuki madume wa ukutani walikuja kulala pale. Hawana tundu, kwa hiyo kila mmoja anang'ata bua kwa meno, anaachia miguu, ananing'inia hivyo mpaka asubuhi. Niliwaona kwa macho yangu, wamejipanga kwenye bua moja kama nguo kwenye kamba. Siku moja wifi mtu akatoka na panga, akayafyeka yote, akayachoma.

Shangazi aliporudi kutoka dukani akakuta majivu. Alichukua fagio, akayazoa majivu yale, akaenda kuyamwaga kwenye ngazi nilizozisakafia asubuhi, saruji ikiwa bado mbichi.

"Wifi!" yule mwingine akapiga kelele kutoka sebuleni. "Umeniharibia ngazi!"

"Nimekuletea wageni wako. Uliwachoma bila kuwakaribisha ndani."

Ngazi zile mpaka leo zina madoa meusi.

Keshoye ikawa zamu ya maua. Wifi mtu alikuwa na waridi kwenye ndoo kuukuu za rangi, na majani yake yalikuwa yamekatwa vipande vya duara pembeni, safi kabisa, kama mtu aliyetumia mkasi na kifuniko cha soda.

"Fundi, njoo uwe shahidi," akaniita. "Nani mwenye mkasi nyumba hii? Nani alikuwa fundi cherehani?"

Shangazi akaja na glasi yake, akachuchumaa mbele ya ndoo. Akangoja. Mwenzake akaendelea kumtukana juu ya kichwa chake, nasaba na yote, naye hakugeuka. Mwishowe akatua nyuki mmoja mnene, kichwa kikubwa, akapanda ukingoni mwa jani, akazunguka nalo akikata kama anakula mkate, akaruka na kipande amekikumbatia tumboni. Shangazi akamfunika hewani, kofi moja na glasi, wala hakumjeruhi.

"Mkasi wenyewe huu," akasema. "Mtazame. Nyuki wengine wanabeba unga wa maua miguuni. Huyu anaubeba chini ya tumbo, tazama manyoya yalivyo ya njano huko chini. Kipande cha jani ni cha kufungia kitanda cha mtoto. Si wa ukutani kwangu, na hakukata kwa kukuchukia. Hakujui."

"Hata awe nani, wote ni wako," wifi mtu akajibu. "Mchawi hakosi paka."

"Na mjinga hakosi mdomo. Wako umepungua uvimbe lakini bado mkubwa."

Siku hizo alianza kunisemesha mimi pia, kama adhabu. Nikipita na ndoo ananisimamisha. "Fundi, huyu ni nini?" Nikisema nyuki, ananicheka. "Hesabu mabawa! Nyuki ana manne, nzi ana mawili. Huyo ni nzi amevaa koti la nyuki ili mjinga kama wewe amwogope." Nikinyamaza, pia kosa. "Macho ya fundi lipu yanaona ukuta, hayaoni waliomo." Siku nyingine alinikamata mkono, akaniwekea nyuki kiganjani, akanikunja vidole. Nilihisi anatetemeka ndani ya ngumi. "Dume," akasema. "Uso wa njano. Dume hana mwiba. Anapiga kelele tu, kama wale wa vijiweni." Nilipofungua mkono akaruka, na Shangazi akaniambia nikanawe, nilikuwa nimemwachia nyuki harufu ya saruji.

Wa ukutani niliwajua baada ya siku chache, kwa sababu hakunipa nafasi ya kutowajua. Kila mmoja ana mikanda ya buluu inayong'aa tumboni, anaruka kwa kushtukia na kusimama hewani, na mlio wake ni mwembamba kuliko wa nyuki wa asali. Jike anaingia tunduni na miguu imejaa unga wa maua. Dume anapita mbele ya matundu hana anachobeba, anachungulia tu.

Bwana afya akaja mchana. Alikuwa mtu mpole, amechoka, viatu vina vumbi la mitaa mingine. Akawekewa kiti na meza uani. Mwuza mabati akatoka na chupa kubwa ya plastiki, imejaa wadudu aliowaua kwa kandambili tangu siku ya ugomvi. Akaiweka mezani kwa kishindo.

"Ushahidi huu hapa, bwana. Wote hawa kutoka ukuta huo. Mke wangu aliumwa, na mdomo wake mtaa mzima uliuona."

"Nani anawafahamu wadudu hawa?" bwana afya akauliza.

"Mimi," Shangazi akasema. Akaleta sinia, akaitingisha chupa, akawamwaga. Kisha akaanza kuwatenga kwa ncha ya sindano ya cherehani, huku akisema kwa sauti kavu, kama mtu anayechambua mchele wa mtu asiyempenda.

"Nzi. Nzi. Huyu nzi pia, tazama mabawa. Huyu nyigu, kiuno chake uzi. Hawa nyuki wa asali, wamefuata vikombe ambavyo watu hawaoshi. Huyu mkata majani, wa waridi za wifi yangu. Huyu wa ukutani, dume. Dume. Dume. Huyu wa ukutani, jike."

Mwuza mabati akacheka. "Anasoma majina kama mwalimu wa zamu."

Bwana afya akamwuliza mke wa mwuza mabati, "Mama, ulipoumwa, mwiba ulibaki?"

"Ulibaki! Niliung'oa kwa kucha, unapumua."

Bwana afya akaitikia kwa kichwa polepole. Jambo hilo alilijua. "Nyuki wa asali ndiye anayeacha mwiba kwenye ngozi na kufa. Hawa wa ukutani hawaachi. Aliyekuuma hakutoka humu, mama."

Nilimwona Shangazi akinyoosha mgongo kidogo. Ilikuwa imebaki aokote sinia yake, aingie ndani, na ukuta wake usimame. Badala yake akaendelea kutenga, kwa sababu kwenye sinia alikuwa amebaki mmoja, mdogo, mweusi, mwembamba. Akamgeuza. Akamgeuza tena. Akamtazama tumbo, akatazama miguu, akamfunika na glasi ili kioo kimkuze kidogo.

"Na huyo?" mdogo wake akauliza.

"Huyu simjui."

"Sema tena?"

"Simjui. Ni nyuki. Ni nyuki gani, simjui."

Mwuza mabati akapiga makofi, akainuka na kiti chake. "Bwana afya, umesikia! Yuko ndani ya ukuta wa nyumba yangu, na mlezi wake hamjui! Sasa akiwa na sumu? Akiuma mtu akafa?" Akamgeukia dada yake, mara ya kwanza bila kunipitia mimi. "Na hao wengine, wa mikanda. Niambie mbele ya serikali. Hawaumi kabisa?"

Wifi mtu alisimama mlangoni, mkono mdomoni. Hapo neno moja tu lilihitajika, "hawaumi", na kila mtu pale angelisema. Mimi ningelisema.

"Madume hawaumi," Shangazi akajibu. "Jike akibanwa anauma."

"Ahaa!"

"Ukimbana. Wewe ukibanwa huumi?"

Lakini mdogo wake alikuwa ameshageuka. Bwana afya akafuta jasho, akatoa hukumu yake, na wala haikuwa mbaya. Sumu alikataza, kwa sababu tangi la maji lilikuwa hapohapo ukutani. Kuchoma moto alikataza. Zaidi ya hapo hakuwa na la kusema: nyuki si wakali, lakini ukuta ni wa mwenye nyumba, na mwenye nyumba akitaka kupiga lipu, haombi ruhusa manispaa.

"Fundi," mwuza mabati akasema, "Jumatatu."

Shangazi alimwokota yule mweusi kwa kidole kilicholowa mate, akamweka kwenye kichupa, akaingia ndani. Mlango wake ulifungwa taratibu, na upole ule ulinitisha kuliko kama angeubamiza.

Jioni aliniita. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia chumbani mwake. Kitanda kimoja, cherehani dirishani, pazia la kitambaa cha wavu, na harufu ya kafuri. Hakunikaribisha kukaa.

"Majike wameshafunga watoto wao ndani ya udongo," akasema. "Ukipiga lipu, unawazika. Lipu yako unaipiga juu ya matundu hivihivi?"

"Haitashika. Tofali lenye matundu lazima nilitoe kwanza, niweke la kuchoma."

"Unalitoa zima au unalivunja?"

"Nikitaka, zima."

"Utataka," akasema. "Mwambie huyo mtoto."

Nilimwambia mdogo wake kwamba matofali mabovu lazima yatoke kabla ya lipu, na kwamba dada yake anayaomba. Alikuwa anakula. Akasema kile kipande cha kiwanja nyuma ya choo baba alimpa dada mwenyewe, ajenge hata ghorofa la nyuki, aweke na ngazi. Mkewe akaongeza, "Na choo kiwe karibu nao, wajisikie nyumbani."

Jumatatu nikaanza. Nilikuwa napitisha tindo polepole kwenye viungo, tofali likilegea nalitoa kwa mikono miwili kama mkate wa moto, na Shangazi analipokea. Hakusema ahsante hata mara moja. Alisema, "Usitingishe." Alisema, "Juu iwe juu, unalala wewe kichwa chini?" Tofali moja lilivunjika mikononi mwangu, na ndani nikaona vyumba vidogo, laini kama vimepakwa nta, na kwenye kimoja kitoto cheupe kimejikunja juu ya donge la njano. Shangazi alilitazama, akanitazama mimi, akaliunganisha tena kwa udongo na mate yake bila neno. Heri angenitukana.

Nyuma ya choo nikamjengea ukuta mpya, unatazama jua la asubuhi kama alivyotaka, matofali ya zamani katikati, matofali mabichi mapya pembeni. Kila siku alinishika pabaya. Udongo mgumu mno, ongeza mchanga. Mchanga mwingi mno, una kichaa? Usinyooshe uso. Usitumie timazi, nani amekuambia nyuki wanapenda kunyooka?

"Shangazi, ukuta huu utaanguka," nikasema. Kwangu hiyo ni hotuba.

"Nani atalala humo, wewe?"

Sasa, fundi ana aibu zake. Ukuta ukianguka, watu hawasemi nani aliagiza ujengwe vibaya. Wanasema fundi gani alijenga. Kwa hiyo kwenye mchanganyiko wa matofali mapya nilitia saruji, kiganja tu, ili uso usimomonyoke na mvua. Niliona nimemsaidia.

Siku chache baadaye majike wakaanza kuja kwenye ukuta mpya. Wanatua, wanakwangua kwa miguu na meno, wanazunguka, wanakwangua tena, wanaondoka. Shangazi alikaa na kigoda chake asubuhi nzima akiwatazama. Kisha akasimama, akalowesha kidole, akasugua ukuta, akalamba.

"Fundi!"

Nikaja na ndoo.

"Umetia saruji."

"Kidogo tu, Shangazi. Usimomonyoke."

"Kidogo!" Sauti yake ilitoa majirani madirishani. "Mimi nimeomba ukuta, wewe umenijengea benki! Jino la nyuki ni hili," akanionyesha ncha ya ukucha, "na wewe unampa saruji atafune! Yule wa mbele ni mjinga, lakini anasema wazi kwamba hawataki. Wewe unawaua kwa adabu!"

"Ukuta unatakiwa usimame," nikasema. Mpaka leo naona nilikuwa na haki, ingawa haki yenyewe haikuwa na kazi pale.

"Bomoa."

"Wote?"

"Wako. Wa baba uache."

Nikabomoa wangu. Kutoka sebuleni tulisikia nailoni ya makochi ikilia na mwuza mabati akicheka na mkewe, na kicheko chao kiliendelea mpaka nikamaliza. Nikajenga upya kwa udongo mtupu, mchanga na maji, nikijiona kama mpishi aliyeambiwa aunguze chakula kwa makusudi. Ulitoka umepinda, laini, unaacha unga ukiugusa. Sikuwahi kujenga kitu kibaya hivyo, hata nilipokuwa najifunza.

Kisha nikarudi kwenye ukuta wa nyumba nikapiga lipu. Ilitoka safi, nyeupe, imenyooka hata pima maji halikuwa na la kulalamikia. Mwuza mabati akapita mkono juu yake, akasema, "Sasa hii ni nyumba." Nyuki wa mikanda ambao hawakuwa wamehama walikuja kwenye ukuta ule siku kadhaa, wakasimama hewani mbele ya mahali palipokuwa na milango yao, wakagonga lipu, wakarudi nyuma, wakagonga. Shangazi alikaa akawatazama mpaka wa mwisho alipoacha kuja. Mdogo wake alipopita akamwambia, "Dada, wamekupungia mkono?" Hakumjibu, wala hakunipa mimi nimpelekee jibu. Nafikiri hawakusemeshana tena tangu siku hiyo, ana kwa ana wala kwa kupitia mtu.

Nikamaliza kazi, nikaondoka. Nikapata kazi upande mwingine wa mji, mvua zikaja zikapita. Siku moja nikakumbuka kwamba timazi langu nililiacha nyuma ya choo, siku aliponikataza kulitumia. Nikaenda kulichukua. Ukweli ni kwamba timazi jingine nilikuwa nalo.

Uani pakavu, lipu yangu bado safi. Wifi mtu alikuwa anafua, akanionyesha kwa kidevu, "Yuko huko kwa watoto wake." Nikazunguka choo. Ukuta ulikuwa umeliwa na mvua, kona moja imekwenda chini, na uliobaki wote umejaa matundu kama kitambaa kilicholiwa na nondo. Matofali ya baba yao na yangu hungeweza kuyatofautisha tena. Mikanda ya buluu ilikuwa inaingia na kutoka.

Shangazi alikuwa amesimama karibu na ukuta, amekonda zaidi, mkono mmoja umeegemea fimbo, mkono mwingine umebana glasi kwenye udongo. Nikasimama upande ambao kivuli changu kingeanguka nyuma yangu.

Ndani ya glasi hakuwa wa mikanda. Alikuwa mdogo, mweusi, mwembamba.

"Shikamoo, Shangazi. Si ndiye yule wa kwenye chupa?"

"Marahaba. Ndiye."

"Umeshamjua?"

"Bado."

Akamtazama tena, kwa muda mrefu, akamwachia. Yule mweusi hakwenda mbali. Alizunguka mara moja, akaingia kwenye tundu dogo la kona iliyomomonyoka. Nililiona timazi langu pale chini, limeota kutu, nikaliokota. Nikaanza kuondoka.

"Fundi," akaniita bila kugeuza uso. "Huu ukuta wako mbovu kabisa. Ndiyo maana wameupenda."